Mnyama wa Ruhuhu na Sikio la Bibi

Binti yangu alipofikia umri wa kupenda, alipenda marehemu. Wasichana wenzake wa Tensta, mtaa wetu hapa Sweden, walikuwa wakihangaika na vijana wa mtaa jirani wa Hjulsta wenye suruali za mlegezo, na mimi kama mama nilikuwa nimejiandaa kwa vita hiyo. Nilikuwa na hotuba kichwani, nilikuwa na macho ya kumtolea kijana yeyote atakayesimama mlangoni kwangu bila kuvua viatu. Sikuwa nimejiandaa kwa mpenzi aliyekufa kabla nyasi hazijaota duniani, na ambaye kwa sasa ni jiwe.

Ilianzia shuleni. Mwalimu wake wa sayansi aliwapeleka makumbusho, wengine wakarudi na picha walizojipiga mbele ya mafuvu, yeye akarudi na ugonjwa. Kila jioni alijifungia chumbani na kompyuta. Siku moja akatoka mbio hadi jikoni, nikadhani nyumba inaungua.

“Mamma, du är ju från Songea, va?” Yaani ananiuliza kama mimi natoka Songea.

Nilimwambia ndiyo, natoka Songea, na kwamba habari hizo nimekuwa nikizitangaza katika nyumba hii tangu yeye hajaota meno. Hakusikia kejeli. Watoto waliozaliwa Sweden kejeli huwapita juu ya kichwa kama ndege, hasa ukiwapa kwa Kiswahili. Alinivuta mkono hadi mbele ya kompyuta, akanionyesha mchoro wa huyo bwana.

Alikuwa mtambaazi wa enzi ya Triasi, kabla dinosaria hawajajifanya wenye dunia. Urefu wake ulizidi kitanda changu. Meno kama visu vya buchani, miguu imesimama wima chini ya tumbo badala ya kutanuka ubavuni kama ya mamba, na mgongoni amepangiwa vigae vya mfupa toka shingoni hadi mkiani. Mifupa yake ilikutwa bonde la mto Ruhuhu, kwetu kusini, huko huko ambako wajomba zangu walikuwa wakipita na mizigo ya samaki wakitoka Ziwa Nyasa. Wataalamu wakampa jina: Nundasuchus songeaensis. Mbele Kiswahili, nunda, yaani mnyama mkali, nyuma yake Kigiriki, suchus, yaani mamba, mwishoni Songea. Nikaona kabisa kwamba huyu ni mwenzetu wa ughaibuni.

“Hukuwahi kuona mifupa yake ulipokuwa mdogo?” aliniuliza kwa Kiswidi, macho yamemtoka.

Nilimwambia tulipokuwa wadogo tulikuwa na kuni za kukata na mahindi ya kupukuchua, mijusi wa kale hatukuwapa kipaumbele. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyelala kwenye sanduku la dhahabu akidhani ni godoro. Usiku wa siku hiyo alibandika picha ya mnyama juu ya kitanda chake, mahali ilipokuwa picha ya kipaimara.

Ningecheka, na ningeacha. Lakini huko Songea alikuwako kiumbe mwingine wa kale ambaye binti yangu hakutaka habari zake, naye ni mama yangu.

Mama yangu mwaka ule miguu ilianza kuvimba, jicho moja likaingia ukungu, na daktari akamwambia moyo umechoka. Yeye mwenyewe alisema hauna uchovu wowote, una hasira tu. Alikuwa amemwona mjukuu wake kwenye picha, na kumsikia kwenye simu kila Jumapili, basi. Mimi nilikwenda nyumbani kumzika baba peke yangu, mtoto akiwa bado mdogo na mwenye homa. Baada ya hapo kila nilipotaka kumpeleka kulitokea jambo, na alipokua jambo likawa yeye mwenyewe. Krismasi iliyopita nilimbembeleza twende. Akajibu kwa upole, na upole wa watoto hawa unauma kuliko tusi: “Nikafanye nini huko, Mamma? Nikae chumbani na mtu ambaye kila siku ananiambia kitu kimoja tu?”

Nilikwenda kulia kwenye chumba cha kufulia nguo, ambako mashine zina kelele na majirani wana adabu ya kujifanya hawakuoni. Nilitaka waonane kabla mama yangu hajafa. Sikuwa na ombi jingine kwa Mungu, na hilo nililiomba kwa Kiswahili, Kingoni na Kiswidi, nisije nikaambiwa sikufuata utaratibu.

Sasa, hicho “kitu kimoja tu” lazima nikieleze, maana kina historia, na historia yenyewe ina kahawa ndani yake.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenza, kwa kuwa eti wanagombania mume mmoja, ambaye ni babu. Humtukana mchana kutwa, mjukuu naye humrudishia, na kadiri matusi yanavyokolea ndivyo kila mtu anavyojua kwamba hao wawili wanapendana. Sisi tulio katikati hatumo. Mimi na mama yangu ni shikamoo na marahaba, macho chini, hadi mmoja wetu atangulie.

Binti yangu alipokuwa chekechea, mama yangu alimwambia kwenye simu, “Mke mwenzangu, mume wetu anakusubiri huku, njoo umpikie, mimi nimechoka.” Nami kwa ushamba wangu wa wakati ule nikamtafsiria mtoto neno kwa neno, tukacheka sote. Kesho yake watoto wakaambiwa wachore familia zao. Binti yangu akachora mzee mwenye mkongojo, akawaambia walimu, “Huyu ni mume wangu, yuko Afrika, ananisubiri nikampikie.”

Niliitwa chekechea. Nilikuta watu watatu, birika la kahawa na biskuti za mdalasini. Ukikaribishwa kahawa na watu watatu katika nchi hii, na mmoja wao ana kalamu, ujue una kesi. Niliwaeleza habari za utani kwa Kiswidi changu cha siku zile, ambacho kilitosha kununua maziwa. Walitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Mwenye kalamu akaniuliza kama mzee huyo ana mpango wa kuja. Kwa kweli hawakunitendea ubaya wowote, na mwisho walielewa, au walichoka. Lakini nilipotoka pale nikaapa kwamba neno la mama yangu halitaingia tena sikioni mwa mtoto huyu kabla sijalifua.

Basi nikawa mkalimani. Wakalimani wengine hutia chumvi, mimi nilikuwa naichuja. Mama yangu akisema, “Mwambie huyo mke mwenzangu mwenye shingo ya korongo kwamba mume wetu nimemzika peke yangu, yeye anateleza kwenye barafu, sasa aje basi hata anizike mimi,” nilimgeukia mtoto nikasema: “Bibi anasema anakusalimia.” Na mtoto akiuliza kwa nini Bibi hana uso, nilimgeukia mama nikasema: “Mjukuu wako anakuombea afya njema, Mama.” Kazi safi. Pande zote mbili ziliondoka bila jeraha.

Hilo la uso lilikuwa kweli. Mdogo wangu anayeishi na Mama ndiye hupokea simu yetu ya video na kumshikisha, lakini mama yangu ana msimamo kwamba simu ni ya sikioni. Umweleze, umwonyeshe, atasema nimeelewa, kisha ataibandika sikioni. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumeegemeza simu yetu kwenye kopo la sukari, sisi tulitazama sikio. Sikio kubwa, lenye mikunjo, lenye tundu refu la hereni za zamani. Binti yangu amemjua bibi yake kwa sikio tangu utotoni.

Turudi kwa mpenzi. Mwezi wa pili ule, theluji bado imekaa kwenye vibaraza, binti yangu alinijia na uso wa mtu aliyekata shauri. Kazi yake kubwa ya shule ataiandika kuhusu mnyama wa Ruhuhu, na likizo ya kiangazi anataka kwenda Songea.

Nilishika ukingo wa sinki. Miaka yote nimeomba, nimebembeleza, nimelia na mashine za kufulia. Mama yangu mzazi, mwenye pumzi na jicho moja zima, ameshindwa kumvuta mtoto huyu. Akaja mjusi mmoja, hana pumzi, hana nyama, hajui hata kusema karibu, akamvuta kwa wiki chache. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

“Unakwenda kumwona Bibi?” niliuliza, nikimpa nafasi ya mwisho ya kunidanganya.

“Ja, ja, Bibi pia,” akajibu. Bibi *pia*.

Rafiki yangu Mrundi anayeishi Alby alikuja Jumamosi ile kunifariji. Yeye tunaimba naye kwaya ya Kiswahili, na safari ya kutoka Alby kwa treni nyekundu hadi mjini, kisha ya bluu hadi kwangu, huihesabu kuwa ni sadaka na husisitiza uione hivyo. Watoto wake wote humjibu Kiswidi; amekwishasalimu amri. Alipokwenda kuweka koti kitandani kwa binti yangu nikasikia ukelele.

“Dada! Iko nini hii kwa ukuta?”

“Ni mnyama wake wa shule.”

“Mnyama? Hii ni joka! Joka ile ya mu Ufunuo! Angalia meno! Na umeacha mtoto analala chini yake?” Akaweka mkono kwenye picha, juu ya vigae vya mgongoni, akaanza kukemea. Alimkemea kwa Kiswahili, akaingia Kirundi, akarudi. Binti yangu alirudi toka maktaba akamkuta shangazi wa Alby amefumba macho, anamwamuru mtambaazi wa Triasi atoke nyumbani mwetu kwa jina la Bwana.

“Alishatoweka,” binti yangu alisema kwa Kiswidi, bila kucheka. “Zamani sana.”

Jumapili ikafika, nikalazimika kumpa mama yangu habari ile. Nilimwambia, “Mama, mjukuu wako anakuja kukuona.” Sikutaja mjusi. Mama yangu akalibana sikio zaidi kwenye kioo, akasema, “Kaamua? Mwenyewe?” Nikasema mwenyewe. Akaanza kumtukana mjukuu kwa furaha: kwamba sasa ndiyo kakumbuka, mume alishaoza, anakuja kurithi nini, atandike kabisa mkeka wake uani maana kitanda ni cha mke mkubwa. Alicheka hadi akakohoa. Nikamgeukia mtoto: “Bibi anafurahi sana na anasema karibu.”

“Tack,” mtoto akashukuru. “Muulize kama anajua mahali wanapochimba mifupa.”

Nikamgeukia mama. “Anauliza kama mvua zimenyesha vizuri.”

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda hadi msimu wa kupanga zamu za Pasaka. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee upande wa Spånga. Nalipwa kuwasikiliza mama wa watu wengine, na huwasikiliza vizuri, kwa Kiswidi, bila kuchuja. Jumapili moja nilipangiwa zamu ya mchana, nikamwambia binti yangu awaandikie Songea kwamba leo hatupigi. Niliporudi jioni nilimkuta mezani jikoni. Simu iko kwenye kopo la sukari, kompyuta iko pembeni, na yeye ana uso ambao sikuwahi kuuona.

“Nilimpigia Bibi,” alisema. “Mwenyewe.”

“Kwa lugha gani?”

Akanionyesha kompyuta. Kumbe kuna kitu siku hizi unakiwasha, mtu anaongea Kiswahili, chenyewe kinaandika Kiswidi, na ukiandika Kiswidi kinasema Kiswahili. Hakina aibu, hakina chekechea ya kukumbuka. Mimi nilikaa chini na koti langu mwilini.

“Mamma, amesema mimi ni mke mwenza wake.”

“Ee.”

“Amesema nina shingo ya ndege mkubwa. Amesema mimi mvivu, nikienda nitalala uani. Amesema nimemwacha amzike mume wetu peke yake.” Alikuwa anasoma kwenye kioo, polepole. “Nikamwambia kuhusu mnyama. Kwamba nakwenda kutafuta mahali pake. Ndipo akasema hivi. Sikiliza. Akasema huyo mnyama ana bahati: amekufa, lakini watu wanamtafuta. Yeye yu hai na hakuna anayemtafuta.”

Nilivua glavu zangu moja moja. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta wa gereji.

“Hilo lilikuwa utani,” nilisema.

“Najua ni utani! Hon är ju jätterolig!” Yaani Bibi anachekesha mno. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa amekasirika. “Miaka yote hii nilidhani Bibi ni kama ile sauti ya simu inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Anakusalimia, anakusalimia, anakusalimia! Kwa nini hukuniambia kwamba anachekesha?”

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na watu watatu na kalamu yao, nilikuwa na biskuti zao za mdalasini. Nilimwambia yote kwa sauti ya juu, na nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemlinda, kwamba hajui ilivyo kukaa kwenye kiti kile ukijitetea kwa maneno ya kununulia maziwa. Nami hadi leo nasema hivyo hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

“Na mimi naruhusiwa kumjibu?”

“Siyo kuruhusiwa tu. Unatakiwa. Usipomtukana anajua humpendi.”

Akafikiri. “Kwa hiyo miaka yote hii Bibi anadhani…”

Nikamwambia aondoe vyombo mezani.

Wiki iliyofuata Kiswahili kilisikika chumbani kwake kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Nilimsikia pia kule chumba cha kufulia, anarudia sentensi mbele ya mashine, anakosea, anaanza upya. Mimi nilipopita alinyamaza. Nilitaka kumsahihisha ngeli, kwa kuwa mdomo uliniwasha vibaya sana, lakini nikapita na kapu langu.

Jumapili ile rafiki yangu wa Alby alikuwapo, tumetoka naye ibadani, anakula chapati zangu na kuzisifu kwa jinsi ambayo unajua zake ni bora. Simu ikaegemezwa. Sikio likatokea. Nikafungua kinywa nitoe shikamoo, na binti yangu akanishika mkono wa gauni.

“Bibi! Shikamoo.”

“Marahaba,” likasema sikio, kwa mshangao.

“Mimi naona sikio tu. Kila siku sikio! Hii sikio yako mzee kuliko mnyama yangu. Yeye iko na magamba kwa mgongo, wewe uko na magamba kwa sikio! Wataalamu wakija Songea kuchimba, wataacha yeye, watabeba wewe!”

“Yesu wangu,” rafiki yangu alisema, na chapati ikabaki hewani.

Sikio likaganda. Si kuganda kwa mtandao, huko nakujua. Huyu alikuwa ni mama yangu mwenyewe. Nilimfahamu mama yangu mwenye hasira, na mwili wangu wote ulikuwa tayari kuruka pale kwenye simu niseme, Mama, mjukuu wako anakuombea afya njema. Mkono ulishainuka. Binti yangu hakunitazama. Alikuwa ameinamia lile sikio, midomo imemkauka.

Kisha sikio likaanza kutikisika. Likatikisika hadi likatoka kwenye kioo, tukaona dari, tukaona bati, tukasikia mdogo wangu akipiga kelele, “Mama, utaanguka!” na simu ikageuzwa. Hapo ndipo mama yangu, kwa hiari yake na kwa mara ya kwanza tangu simu hizi zivumbuliwe, akaileta mbele ya uso. Jicho moja la ukungu, moja kali, mdomo wazi, jino la mbele halipo, machozi yanatiririka kwa kicheko.

“Kumbe mke mwenzangu ana mdomo!” alisema. “Hee! Ana mdomo wa panga! Nani alikuwa ananifichia huyu?”

Mimi nilikuwa nasoma maandishi kwenye kopo la sukari. Yana mambo mengi ukiyatazama vizuri.

“Njoo basi upesi, wewe shingo,” mama yangu akaendelea. “Uwahi kabla hao wachimbaji wako hawajanifikia.”

“Nakuja,” binti yangu akasema. “Pika. Mimi sipiki.”

Aliondoka mwezi wa sita, shule ilipofungwa. Nilipanga kwenda naye, nimeshaomba likizo kazini, na yeye akaniketisha chini kama daktari. “Mamma, ukija utaanza kutafsiri,” alisema. Nikamwambia sitatafsiri. Akanitazama tu. Kwa hiyo pale uwanja wa ndege wa Arlanda nilisimama upande wa wanaobaki, na begi lake lililojaa kahawa na soksi za bibi yake likaenda bila mimi. Alinikumbatia haraka haraka, akasema, “Usilie, watu wanatazama,” akasema kwa Kiswahili, na ngeli zote zilikuwa sahihi, jambo ambalo lilinimaliza kabisa.

Mnyama hakumwona. Mifupa yenyewe ilishapelekwa ng'ambo zamani kusomwa, haikupanga foleni ya viza wala kuulizwa itapokewa na nani. Alipokwenda bonde la Ruhuhu, mama yangu alikataa kubaki nyumbani. Akapandishwa garini na miguu yake iliyovimba, akakaa mlango wazi, akatoa amri. Nililetewa picha: mawe mekundu, vumbi, mtoto wangu amechuchumaa na kofia yangu, na nyuma yake kwenye kiti cha gari mwanamke mzee ananyoosha fimbo. Chini binti yangu alikuwa ameandika kwamba kila alipoonyesha jiwe, Bibi alimwambia hilo ni jiwe.

Jumapili nilipiga simu nikiwa peke yangu. Niliegemeza simu pale pale kwenye kopo. Wakatokea wote wawili, nyuso mbili kwenye kioo kimoja, shavu kwa shavu, wamekaa mkekani uani. Nikaamkia, nikaitikiwa. Kisha mama yangu akasema neno kando, akielekeza kidevu upande wangu, na mtandao ukachukua sauti ukaniachia picha. Nikaiona midomo yake inakwenda muda mrefu bila kituo. Binti yangu akaziba mdomo kwa kiganja. Akajibu kitu kifupi, mama yangu akampiga begani, wakalaliana wakicheka, mabega yanaruka, na mimi jikoni Tensta nimeshika kikombe.

Sauti iliporudi wote wawili walikuwa wanafuta macho.

“Anasema nini?” niliuliza. “Mama anasema nini?”

Binti yangu alimtazama bibi yake, kisha akanigeukia na uso mkavu, uso wangu mimi kabisa.

“Anasema anakusalimia.”